Nimetuma stemu 38 kwa mtu wa rimiksi, anasema mwimbaji "anaachwa na ngoma". Kosa ni la nani?

#1 NyuziSita
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Kuna jamaa kaomba afanye rimiksi ya wimbo wangu. Nikakesha natoa njia moja moja (kila chombo na kila sauti faili lake), jumla 38, nikazifunga kwenye zipu nikamtumia. Leo ananiandikia: sauti ya mwimbaji inaanza vizuri, ikifika kiitikio cha pili imeshachelewa kidogo, mwisho wa wimbo imeachwa kabisa, kama nusu sekunde hivi. Wimbo wenyewe ni dakika tatu. Nikifungua projekti kwangu kila kitu kimekaa mahali pake.

Yeye anasema nimeharibu mimi. Mimi nasema kaharibu yeye. Naomba waamuzi.

#2 DogoKiki
Siti ya mbele kabisa.

#3 FundiMitambo
Kasi ya sampuli (mara ngapi kwa sekunde sauti inapimwa). Wewe umetoa kwa 48,000, projekti yake iko 44,100, programu yake haikubadilisha. Kesi imefungwa, tuendelee na mambo mengine.

#4 SikioLaTatu
Fungua tena kesi mkuu. Faili la 48,000 likichezwa kama 44,100, dakika tatu zinakuwa dakika tatu na sekunde 16, na sauti inashuka karibu nusu toni moja na nusu. Huyo jamaa asingelalamika kuhusu nusu sekunde, angeuliza mwimbaji kaumwa nini.

#5 FundiMitambo
Hesabu nimekubali. Ila nimeona wengi wakiangukia hapo, ndiyo maana nikakimbilia huko. Mleta uzi hebu thibitisha namba zako kwanza.

#6 mama_wa_vokali
Kabla ya namba: umetuma WAV au MP3?

#7 NyuziSita
Vyombo vyote WAV ya biti 24, kwa 44,100. Sauti za mwimbaji nilifanya MP3 ya 320 kwa sababu zipu ilikuwa inagoma kupanda.

#8 DogoKiki
Aaah. Yaani kitu pekee ambacho mtu wa rimiksi anakihitaji kwako ndicho ulichokikandamiza. 😂

#9 SikioLaTatu
Tusimcheke bado. MP3 ina jambo lake, ila sina hakika ndilo hili.

Faili la MP3 linapotengenezwa, linaongezewa ukimya mwanzoni. Kisimbaji cha LAME kinaweka sampuli 576, na wakati wa kufungua zinaongezeka nyingine 529. Jumla 1,105, ambazo kwa 44,100 ni milisekunde 25. Baadhi ya programu husoma maelezo yaliyofichwa kwenye faili na kukata huo ukimya, nyingine hazijishughulishi. Kwa hiyo sauti yako inaweza kuwa imechelewa milisekunde 25 tangu neno la kwanza. Lakini itabaki hizo hizo 25 hadi mwisho. Haikui. Tatizo la mleta uzi linakua.

#10 BesiNzito
Na milisekunde 25 nani anazisikia?

#11 mama_wa_vokali
@BesiNzito mimi nazisikia, na wewe ungezisikia ukiweka sauti kuu ya MP3 na dabo yake (mstari uleule ulioimbwa mara ya pili) ya WAV pamoja. Kila herufi "t" na "k" inatoka mara mbili, kama mtu anayegugumia. Kwa anayerap, mstari wote unalegea, na msikilizaji hajui ni kwa nini, anasema tu hauna nguvu.

#12 MzeeWaKaseti
Swali kutoka kwa mzee: hiyo sauti ilirekodiwa kwenye kompyuta ileile, au kwenye kinasa kingine halafu ikaletwa? Saa za mashine mbili hazitembei pamoja. Enzi zetu ukiwa na mashine mbili za tepu, uziwashe kwa sekunde moja, zikifika mwisho wa wimbo kila moja iko kwenye mtaa wake.

#13 SikioLaTatu
Tepu ni kweli kabisa, mzee wangu. Ila saa za kidijitali zinatofautiana kidogo mno. Tuseme tofauti ni sehemu 50 kwa milioni, ambayo tayari ni mbaya: ndani ya sekunde 180 unapata milisekunde 9. Nusu sekunde haifiki hata kwa kuburutwa.

#14 MzeeWaKaseti
Haya, wataalamu mna kikokotoo. Nimenyamaza (kwa muda).

#15 Nukta93
Mmezunguka sana. NyuziSita, projekti yako ina BPM (mapigo kwa dakika) ngapi, na jamaa ulimwandikia ngapi?

#16 NyuziSita
94.

#17 NyuziSita
Ngojeni. Nimefungua sasa hivi: imeandikwa 93.7. Nakumbuka siku ya kurekodi mwimbaji alisema anakimbizwa, nikashusha kidogo. Kwenye ujumbe nilimwandikia 94 kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo kichwani.

#18 Nukta93
Asante, hapo hapo. Sekunde 180 kwa 93.7 ni mapigo 281. Mapigo 281 hayo hayo kwa 94 yanaisha kwenye sekunde 179.4. Tofauti ni karibu sekunde 0.6. Jamaa kaweka drami zake mpya kwenye gridi (mistari ya mapigo ya programu) ya 94, mwimbaji wako anaendelea na 93.7 yake taratibu kama mtu anayetoka ibadani. Mwanzo wako pamoja, mwisho kaachwa.

Desimali moja, mkuu. Jina langu humu sikuliokota njiani.

#19 DogoKiki
Nukta93 katumwa na mababu.

#20 kimya_kimya
Huwa siandiki ila hapa pana shimo. Kama ni BPM tu, basi drami za mleta uzi nazo zingeachwa, gita nalo, kila kitu. Posti ya 1 inasema mwimbaji ndiye anayeachwa. Vipi vyombo?

#21 NyuziSita
Nimemuuliza. Anasema drami zangu na besi zimekaa vizuri tu kwenye gridi yake. Gita hajalitumia.

#22 Nukta93
Basi programu yake imezinyoosha yenyewe. Ableton Live, kwa mfano, ina mpangilio wa kuzinyoosha sampuli ndefu pindi unapoziingiza: inasikiliza, inakisia tempo, inazifuatisha na tempo ya projekti. Drami zina mapigo ya wazi, inakisia sawa. Mwimbaji anayevuta maneno hana pigo la kukisia. Inakosea au inamwacha alivyo.

#23 BesiNzito
"Kwa mfano". Umejua anatumia Ableton?

#24 NyuziSita
Hajasema anatumia nini. Na mimi kuna kitu sijasema. Kiki (ngoma kubwa), snea (ngoma ndogo) na besi sikuzitoa wimbo mzima. Zinajirudia, nikatoa vipimo 8 tu (kila kimoja mapigo manne) nikamwambia arudie mwenyewe.

#25 DogoKiki
Huyu mleta uzi anatoa ushahidi kwa awamu kama mtuhumiwa.

#26 kimya_kimya
Basi huhitaji nadharia ya kunyoosha. Kila aliporudia kipande chako alikipandisha mwanzo wa kipimo kwenye gridi yake ya 94. Kila vipimo 8 kosa linafutwa linaanza upya. Kwa 93.7, vipimo 8 vya mapigo manne vinazidi vya 94 kwa milisekunde 65 hivi, mkia unafunikwa na kipande kinachofuata. Ukisikiliza kwa makini utasikia pigo la mwisho la kila mzunguko limebanwa. Mwimbaji peke yake ndiye faili refu.

#27 Nukta93
Inawezekana. Na ya kwangu inawezekana. Tunahitaji kuona skrini yake.

#28 FundiMitambo
Au nyote mmekosea, na ni ile MP3 kwenye programu isiyoisoma vizuri. Sijasema 48,000, msinirukie.

#29 mama_wa_vokali
Huku mkibishana, wacha niseme la sauti maana ndilo linaloniuma. Ninaimba, na nimeshatumiwa rimiksi za sauti yangu mwenyewe nikaona aibu.

Siku moja prodyuza alitoa sauti yangu kuanzia pale neno la kwanza linapoanza. Mimi kabla ya neno navuta pumzi, na ile pumzi ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba kuna mtu. Kaikata kwa mkasi. Aliyefanya rimiksi akapata faili linaloanza na "na-" iliyopasuka, kama mlango uliogongwa. Akajaribu kuficha kwa kuweka mlio wa upepo juu yake. Mpaka leo watu wanauliza ule upepo una maana gani.

Kwa hiyo: tungeni vipande vyote vya sauti kuwa faili moja linaloanza sifuri. Wekeni fedi ndogo (sauti ipande na kushuka taratibu) kwenye maungio, pumzi ziacheni. Kama mmerekebisha noti, toeni iliyorekebishwa, na kama mwenye rimiksi ni mtu wa kuaminika mpeni na ile ghafi. Halafu toeni mara mbili: kavu na yenye rivabu (mwangwi kama wa chumba). Ukimpa yenye rivabu tu, ameshindwa kabla hajaanza, maana akibadilisha kodi (noti zinazopigwa pamoja), mkia wa rivabu unaendelea kuimba kodi za zamani chini yake.

#30 BesiNzito
Hapo kwenye kavu nina pingamizi. Kuna athari ambazo ndizo chombo chenyewe. Gita lenye mwangwi wa kurudia unaocheza na mdundo, ukinipa kavu umenipa nyaya. Toeni kavu kwa sauti, ila kwa gita na kinanda acheni kilichotengeneza mlio.

#31 mama_wa_vokali
@BesiNzito ndiyo maana nimesema mara mbili. Soma kabla ya kupinga, baba.

#32 BesiNzito
Samahani mama. Nilikuwa nimeruka kwenye upepo.

#33 MzeeWaKaseti
Kimya changu kimeisha. Jamaika miaka ya 1970, fundi wa sauti King Tubby alikuwa anapokea tepu ya njia nne. Nne! Anazima sauti, anaacha drami na besi, anairudisha sauti neno moja likizama kwenye mwangwi, na pale meza ya kuchanganyia ikawa chombo. Leo mtoto anatuma njia 38 na bado ngoma inamwacha mwimbaji.

#34 NyuziSita
Mzee nimeisikia hiyo. 😅 Kwani 38 ni nyingi?

#35 Sauti_ya_Pili
Nyingi mno. Toa makundi: drami, besi, vyombo, sauti kuu, sauti za nyuma, vikorombwezo. Bendi ya Radiohead mwaka 2008 walipoalika watu warimiksi wimbo wao walitoa bure vipande vitano tu, na watu wakafanya maajabu.

#36 SikioLaTatu
Vitano ni kweli, bure si kweli. Viliuzwa iTunes, kila kipande kivyake.

Na hapa tuweke maneno sawa maana uzi mzima tunayachanganya. Stemu ni kundi: drami zote faili moja. Njia moja moja ni kitu kingine: kiki faili lake, snea faili lake. Mleta uzi ametuma njia, akaziita stemu. Mtu wa rimiksi akiomba "stemu" muulize anataka ipi, nusu yao hata wenyewe hawajui.

#37 Sauti_ya_Pili
Sawa, viliuzwa. Hoja yangu imebaki palepale: vitano vilitosha.

#38 DogoKiki
Inategemea. Mimi kazi yangu ni kubadilisha kiki. Ukinipa drami zote kwenye faili moja, kiki yako ya zamani inakaa chini ya yangu milele, tunakuwa na ndoa ya wake wawili. Bendi ya Nine Inch Nails mwaka 2005 waliachia wimbo mzima njia kwa njia kwenye faili la GarageBand (programu ya muziki ya Apple), ukazima unachotaka. Huo ndio ukarimu.

#39 BesiNzito
Tukirudi kwenye kutoa: mmesahau masta. Wengi wanaacha limita (kizuizi cha sauti isizidi kiwango) kwenye njia ya masta, ile ya mwisho wimbo wote unapopita, halafu wanatoa kila kundi likipitia humo. Limita inabana pale jumla inapokuwa kubwa. Kundi moja peke yake halifikii kizingiti, linapita bila kuguswa. Ukija kuzijumlisha, jumla inazidi ile miksi yako, na ule mbano ulioupenda haupo kwenye faili lolote. Zima limita, tuma na miksi kamili ya kulinganishia.

Vilevile besi inayonywea kila kiki inapopiga. Ukiitoa besi huku umezima kiki, kwenye programu nyingi kile kinachoiamuru inywee kimezimwa nacho. Besi inatoka imesimama kama nguzo. Sikilizeni faili baada ya kulitoa jamani, si kulitazama.

#40 FundiMitambo
Nyongeza: msinyanyue kila faili mpaka kilele kifike juu. Nimewahi kupokea folda ambayo kila kitu kiko juu sawa, kuanzia kiki hadi kayamba. Kufungua, kayamba linaongoza wimbo.

#41 Sauti_ya_Pili
Hiyo si kazi ya mtu wa rimiksi, kupanga upya ukubwa?

#42 FundiMitambo
Kupanga upya ndiyo. Kubuni upya ulivyokuwa umepanga wewe, hapana. Na kama vilele vinapita sifuri, biti 24 inavikata na havirudi. Biti 32 ya desimali inavibeba, akishusha vinarudi vizima. Ukishindwa kujua, toa 32.

#43 NyuziSita
Swali la kizamani: nitajuaje kwamba nilichotoa ni sawa na miksi yangu?

#44 BesiNzito
Fungua projekti mpya tupu. Ingiza faili zote zikianzia sifuri, usiguse kitu. Ingiza na miksi yako isiyo na limita, igeuze fezi (wimbi lipinduliwe juu chini). Cheza. Kama zimelingana, zinafutana unabaki na ukimya.

Mara ya kwanza nilipojaribu hivyo nilitegemea ukimya, nikasikia kitu kama gita linapigwa chumba cha pili mlango umefungwa. Nikadhani nimekosea. Kumbe ni plagini (programu ndogo ya athari) ya korasi: inatikisika bila kufuata saa ya wimbo, kila ukitoa inatikisika kivingine, kwa hiyo haifutani kamwe. Vingine vyote vilikuwa vimezimika. Kilichonishtua ni sekunde ya 41: sauti moja ya nyuma ikatokea ghafla, wazi kabisa, maneno mawili, ikapotea. Nilikuwa sijaitoa. Kwenye wimbo mzima sikuwahi kuisikia ikiwa imejitenga hivyo.

#45 kimya_kimya
Hiyo posti ya 44 ihifadhiwe.

#46 Mgeni_Leo
Wakuu, mbona mnajitesa? Kuna programu za kutenganisha. Unampa wimbo mzima, anajitolea sauti mwenyewe. Spleeter ipo tangu 2019, na ni bure.

#47 mama_wa_vokali
Ipo, nimeitumia. Sauti inatoka na mabaki ya sembali yamegandia kwenye herufi "s". Kama huna njia nyingine, sawa. Kama projekti unayo mkononi, ni sawa na kuchota maji ya mtaro huku bomba liko wazi.

#48 SikioLaTatu
Jamaa alipofungua folda yako alikuta nini hasa? Tuwekee majina ya faili.

#49 NyuziSita
Msinicheke.

Audio 7
Audio 7_1
Audio 12
kiki
kiki MPYA
voko kuu
voko kuu 2
voko kuu 2 TUMIA HII
voko kuu 2 TUMIA HII (ya pili)
gita la juzi

Nyingine 28 ni Audio na namba.

#50 DogoKiki
"Gita la juzi." Juzi ya nani? 😂😂

#51 Nukta93
Na je, kama jamaa alichukua "TUMIA HII" ya kwanza badala ya ya pili? Zote mbili zilirekodiwa kwa 93.7?

#52 NyuziSita
...ya kwanza ilirekodiwa kabla sijashusha.

#53 kimya_kimya
Ya kwanza ni ya 94 basi, na kwenye gridi ya 94 isingeachwa. Kwa hiyo alitumia ya pili. Au aliichukua ya kwanza na programu yake ikainyoosha kwa kudhani iko juu kidogo ya 94. Sasa nadharia ni nne.

#54 FundiMitambo
Tano. Kuna yangu.

#55 Sauti_ya_Pili
Kingine ambacho hakijaguswa: ile luupu ya kayamba umeitengeneza mwenyewe au imetoka kwenye pakiti? Leseni nyingi za pakiti zinakuruhusu kuitumia ndani ya wimbo, hazikuruhusu kuigawa ikiwa peke yake. Ukiitoa kama njia yake, ndivyo umefanya.

#56 NyuziSita
Ya pakiti. Nitaiunganisha na vigoma vingine kwenye kundi moja. Asante, hilo sikuwa nalo kabisa.

Naenda kutoa upya. Kila faili linaanza kipimo cha kwanza, linaisha pamoja, nimeongeza vipimo vinne mwishoni ili mikia ya rivabu isikatwe. Sauti kavu na zenye athari, WAV. Tempo 93.7 nimeiandika kwenye jina la folda, na faili la MIDI (la maagizo ya muziki, si sauti) lenye tempo nimelitia ndani.

#57 MzeeWaKaseti
Wanasema kipimo cha kwanza siku hizi? Vijana wa studio huita "baa ya kwanza". Mimi nikianzia baa ya kwanza huwa sifiki studio.

#58 SikioLaTatu
😂 Mzee pumzika. NyuziSita, uzito usikurudishe kwenye MP3: stereo ya biti 24 kwa 44,100, dakika tatu, ni karibu megabaiti 48. Mara 38 ni gigabaiti 1.8. Kiki, snea, besi na sauti kuu zitoe mono, kila moja nusu ya hapo. Zikizidi bado, tumia FLAC, inapunguza bila kutupa hata sampuli moja.

#59 NyuziSita
Mrejesho. Nimetuma jana usiku. Jamaa kajibu: "Sasa imekaa." Nikamuuliza tatizo lilikuwa nini, akasema hajui, na kwamba kabla ya kufungua mpya alikuwa amesasisha programu yake na kuzima ule unyooshaji wa kujiendesha. Na tempo kaweka 93.7.

#60 Nukta93
Kwa hiyo ni desimali.

#61 kimya_kimya
Au ni faili nzima badala ya vipande vya vipimo 8.

#62 Sauti_ya_Pili
Au unyooshaji. Kabadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hapo hata hakimu anaahirisha.

#63 NyuziSita
Kuna moja tu anasema bado: makofi ya kiitikio yanachelewa. Anauliza kama ni plagini iliyoyachelewesha wakati wa kutoa.

#64 BesiNzito
Inawezekana kabisa. Plagini zinazosikiliza mbele kabla ya kubana zinachelewesha, na programu isipofidia unapata hilo. Makofi yalipitia nini?

#65 NyuziSita
Hayakupitia chochote. Maiki moja, nilipiga mwenyewe.

#66 mama_wa_vokali
Hahaha. Mwambie ayasogeze tu.

#67 FundiMitambo
Makofi ulirekodi kwa ngapi? 48,000?